Printa ya leza ni nzima kabisa, halafu tunaambiwa tuitupe kwa sababu ya draiva!

Wakuu, nina hasira, na naomba anayehusika na haya mambo asome hadi mwisho.

Nina printa ya leza, ya zamani lakini nzima. Inavuta karatasi bila kukwama, tona ipo, maandishi yanatoka meusi tii. Ina tundu la kebo ya mtandao kwa nyuma. Nilichotaka ni kitu kimoja tu: kompyuta zote za nyumbani zichape kupitia ruta, watu waache kugombania kebo ya USB.

Nikaichomeka kwenye ruta, ikapata anwani ya IP. Nikaipima kwa ping, ikajibu. Windows 11 ikaiona, kisha ikadai draiva, yaani programu ya kuiongoza printa, haipatikani. Naingia kwenye tovuti ya watengenezaji, nakuta draiva ya mwisho ni ya Windows 7, tena ya biti 32. Nawauliza huduma kwa wateja, najibiwa kwamba bidhaa imefikia mwisho wa maisha yake, ninunue mpya. Mwisho gani wa maisha wakati mashine inachapa?

Kinachoniuma ni kwamba printa hii inaelewa PostScript, lugha ya kuielezea printa ukurasa uweje, iliyopo tangu miaka ya 1980 na inayotumiwa na printa za kampuni chungu nzima. Inapokea kazi kupitia poti 9100, yaani mlango wa mtandao wenye namba hiyo: unaufungua, unamimina data, inachapa. Hakuna kompyuta ya leo inayoshindwa kufanya hivyo. Nikaiacha ile poti ya WSD (njia ya kutafuta vifaa mtandaoni) ambayo Windows inajiwekea yenyewe, nikatengeneza poti ya Standard TCP/IP, nikaandika anwani, nikachagua Raw na 9100, nikaipa draiva ya Microsoft PS Class Driver iliyomo humo humo kwenye Windows. Karatasi ikatoka, safi. Sasa yule wa huduma kwa wateja alishindwa nini kuniambia hivyo?

Baadaye ikaanza kuonyesha kwamba haipo mtandaoni ilhali taa zinawaka. Hapa kuna mambo mawili, na wengi wanatupa printa kwa sababu yake. Kwanza, ruta inaweza kuipa anwani nyingine ikizimwa na kuwashwa, kompyuta ikabaki inaitafuta kwenye anwani ya zamani. Ingia kwenye ruta, uitengee anwani ya kudumu kwa kutumia namba yake ya MAC, ile ya utambulisho inayotoka nayo kiwandani. Pili, fungua mipangilio ya ile poti, ondoa alama kwenye SNMP Status Enabled, njia ambayo Windows inaiuliza printa hali yake. Printa isipojibu hilo swali la SNMP, Windows inaihesabu imezimwa, hata kama iko tayari kuchapa.

Wenye hali mbaya zaidi ni walionunua zile printa za bei nafuu ambazo hazielewi lugha ya aina ya PostScript. Kompyuta ndiyo inayochora ukurasa wote, printa inapokea nukta tu. Draiva ikifa, printa imekufa nayo, hata ukiichomeka kwenye tundu la USB la ruta. Hili lilipaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi! Na msiniambie haiwezekani kuzihudumia, kwa sababu watu wa kujitolea wa Linux waliandika draiva za foo2zjs na baadhi ya printa hizo zinachapa hadi leo kupitia CUPS, mfumo wa kuchapa wa Linux. Wao hawakulipwa na mnunuzi. Kampuni ililipwa.

Na hali inazidi kubana. Septemba 2023 Microsoft walitangaza kwamba wataacha hatua kwa hatua kupokea draiva mpya za watengenezaji kwenye Windows Update, mpango unaofika hadi 2027, ili printa zitumie IPP, njia ya pamoja ya kuchapa isiyohitaji draiva ya mtengenezaji. Kwa printa mpya, sawa. Kwa hizi zetu ambazo draiva yake haimo tayari kwenye Windows Update, mlango unaobaki ni tovuti ya mtengenezaji, na huko ndiko mafaili yanakofutwa. Faili la draiva ni megabaiti chache. Sioni sababu yoyote ya heshima ya kuliondoa wakati mashine zake bado zinafanya kazi majumbani.

Ninachodai ni kidogo: mafaili yaachwe pale, na kama printa inajua PostScript au PCL, lugha nyingine ya aina hiyo, mteja aambiwe hivyo wazi kabla ya kuuziwa nyingine. Mwenye draiva za zamani kwenye CD azitunze, na aliyefanikiwa kuweka printa isiyoelewa lugha hizo kwenye mtandao kwa CUPS ataje modeli hapa chini.