Zabuni ya maabara ya Los Alamos: Serikali ya Marekani ilimshindanisha mkandarasi, je, ilimsimamia?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Los Alamos, New Mexico, ndiko bomu la kwanza la atomiki lilikoundwa, na sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya migodini. Kwa hiyo mimi siihesabu kuwa habari ya mbali.

Maabara ile ni mali ya serikali: ardhi, majengo, mitambo. Kuiendesha ndiko amepewa mkandarasi. Tangu 1943 mkandarasi alikuwa Chuo Kikuu cha California, na kwa miaka 60 hakuna aliyeshindanishwa naye. Zikaja kashfa za vifaa kupotea na kadi za manunuzi kutumika kwa mambo binafsi, na mwaka 2003 Waziri wa Nishati, Spencer Abraham, akasema mkataba ukiisha kazi itatangazwa. Wakapambana Chuo Kikuu cha California pamoja na kampuni ya ujenzi ya Bechtel upande mmoja, kampuni ya silaha ya Lockheed Martin na Chuo Kikuu cha Texas upande wa pili. Kundi la California likashinda Desemba 2005, na Juni 2006 likaanza kazi kama kampuni ya faida iitwayo LANS.

Hapo ndipo ninapolalamika. Ada ya mwendeshaji, iliyokuwa dola milioni 8 au 9 kwa mwaka, sasa iliweza kufika milioni 79. Fedha hiyo inatoka kwenye fungu lilelile linalolipa watafiti. Tukaambiwa ushindani utaleta nidhamu, na kwamba bila ada nono hapatikani mtu makini.

Sasa tazameni pipa moja. Taka zenye chumvi za naitreti na mabaki ya mionzi zilikuwa zikifungashwa Los Alamos. Ili kunyonya maji yake, mafundi walichanganya mchanga wa paka, ule unaowekwa kwenye kisanduku cha kujisaidia. Ule wa udongo hauna shida. Lakini iliyotumika ni aina iliyotengenezwa kwa ngano, na ngano ikikutana na naitreti inakuwa kuni. Pipa likasafirishwa hadi WIPP, hifadhi ya taka iliyochimbwa ndani ya mwamba wa chumvi karibu na Carlsbad, zaidi ya mita 600 chini ya ardhi. Usiku wa Februari 14, 2014, likapata moto kwa ndani na kupasuka. Mionzi ikapanda hadi juu, wafanyakazi wapatao 20 wakakutwa nayo mwilini kwa kiwango kidogo, na hifadhi ikaacha kupokea taka kwa zaidi ya miaka mitatu.

Mchanga wa paka, wakuu. Kosa ambalo mkemia yeyote aliyesimama pale angeliona kwa kusoma mfuko tu.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mleta mada, mbona umekata hadithi katikati? Baada ya pipa lile, serikali ilikata ada ya LANS ya mwaka 2014 ikabaki kama milioni 6 kati ya 63 walizoweza kupata. Kisha mkataba, ambao ungeweza kufika miaka 20, ukakatishwa, kazi ikatangazwa upya, na Novemba 2018 akaingia mwendeshaji mpya, Triad. Katika miaka ile 60 ya chuo, nani aliwahi kuadhibiwa hivyo? Bila zabuni usingekuwa na cha kukata wala wa kumleta.

Mchangiaji wa pili:
Niongee kama mtu wa manunuzi. Nilikaa kwenye kamati ya tathmini ya zabuni katika halmashauri moja, nisiitaje. Siku ya kufungua bahasha chumba kinajaa: wazabuni wamekaa mbele, bei zinasomwa kwa sauti, kila karatasi inasainiwa. Mkataba ukishatiwa saini chumba kinabaki kitupu. Mhandisi wetu wa kukagua saiti alikuwa mmoja kwa barabara zote, na gari lake lilikuwa halina mafuta wiki nzima. Ripoti ya maendeleo tuliyokuwa tunapitisha aliandika mkandarasi mwenyewe. Niliposoma habari ya Los Alamos nilijiona mle chumbani.

Mleta mada:
Asante sana, mkuu, hilo ndilo nililotaka kusema nikazunguka.

Mchangiaji wa kwanza, nakubali adhabu ilikuwa kali. Lakini ilikuja baada ya pipa kupasuka. Adhabu si usimamizi. Na huyo Triad ni nani? Ni shirika la utafiti la Battelle, Texas A&M na, kwa mara nyingine, Chuo Kikuu cha California! Zabuni mbili, mwenyeji yuleyule kwenye meza. Halafu kuna Sandia, maabara jirani: AT&T waliiendesha kuanzia 1949 hadi 1993 bila kuchukua faida. Kwa hiyo hoja kwamba bila ada nono hapatikani mtu makini, mimi siipokei.

Ninachotaka ni watumishi wa serikali wenyewe, wakemia na wahandisi, wakae ndani ya karakana wakiwa na mamlaka ya kusimamisha kazi asubuhi hiyohiyo, bila kusubiri tathmini ya mwisho wa mwaka.

Mchangiaji wa kwanza:
Kwa wakaguzi tupo pamoja, na nakiri jambo hilo sikulipa uzito. Kwa AT&T sijakubali. Ile ilikuwa kampuni kubwa ya simu yenye ukiritimba, iliweza kutoa watu wake kama huduma kwa taifa. Leo simwoni wa namna hiyo. Na California walikuwa na ada ndogo miaka yote ile vifaa vilipokuwa vinapotea. Ukimwondolea mwendeshaji cha kupoteza, mkaguzi wako atasimamisha kazi asubuhi, na jioni mwendeshaji atakuwa hana sababu ya kuirekebisha.