Petroli imepanda, nauli ya programu iko palepale: nani abebe mzigo?

Mshale: Wakuu, tuongee bila kuzungushana. Sisi madereva, programu ya simu ya kuitia usafiri inakata kamisheni yake kwenye nauli nzima, hela ya mafuta ikiwa bado humo ndani. Jioni tajiri, mwenye chombo, naye anataka hesabu yake ileile ya siku. Petroli ikipanda, kinachopungua ni changu peke yangu. Nasema kampuni ishushe kamisheni mpaka bei itulie.

Hesabu Kali: Pandisheni nauli yaishe. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopaisha mafuta, Uber kule Marekani na Kanada waliongeza tozo ya mafuta kwa abiria, ikaenda yote kwa dereva.

Binti Safari: Yaani kila kitu abiria! Mshahara wangu umepanda lini? Kabla ya nauli tuanze na hii tabia yenu: dereva anakubali safari, anapiga simu "dada unaelekea wapi?", ukimtajia tu anakatisha. Mvua inakunyeshea hapo hapo.

Mshale: Hapo umenigusa, dada. Kwenye programu ninayotumia, nauli inaanza kuhesabiwa ukishapanda. Kukufuata natembea mtupu kwa mafuta yangu. Nikivuka mitaa mitatu nikakute unaenda hapo jirani, safari nzima nimeilipia mimi.

Binti Safari: Sasa ulikubali ya nini?

Mshale: Kwa sababu unakoenda wananificha mpaka nikubali! Na nikizikataa safari mfululizo, simu inanyamaza.

Mzee wa Kijiwe: Vijana mnajimaliza wenyewe. Mnazurura mkisubiri simu ilie, na mnaposimama injini inanguruma. Zima, kaa kijiweni. Jaza upepo, safisha chujio la hewa. Tairi laini linakunywa mafuta.

Mshale: Shikamoo mzee, ila mimi sizururi! Upepo najaza, chujio nasafisha. Nikikaa kijiweni kusiko na abiria, hesabu ya tajiri utanilipia wewe?

Mzee wa Kijiwe: Marahaba. Sijakutaja wewe, mbona unapaniki?

Hesabu Kali: Tulikuwa kwenye kamisheni jamani.

Binti Safari: Kamisheni mtajuana na kampuni. Mimi nijibiwe: kesho asubuhi nikiita na mvua inanyesha, unakuja au unakatisha?

Mshale: Wakinionyesha unakoenda kabla sijakubali, nakuja. Wakinificha, nitapiga simu kwanza, na usikasirike.

Binti Safari: Nitakasirika.