VAN (thamani halisi ya leo ya mradi) ya mashine ya matofali: majibu matatu, lipi sahihi?

Mwanafunzi wa Katuba (Lubumbashi)
Jambo wakubwa. Kwenye TP (zoezi la darasani) ya fedha za kampuni tumepewa mradi huu: mashine ya kufyatua matofali, dola 12,000 bila TVA (kodi ya ongezeko la thamani), inafanya kazi miaka 4, mwishoni haina thamani. Mauzo 15,000 kwa mwaka, gharama zinazolipwa taslimu 9,000, kodi ya faida 30%, BFR (pesa ya kuzungusha biashara) 1,500 mwanzoni, taux d'actualisation (kiwango cha kurudisha pesa za miaka ijayo kwenye thamani ya leo) 12%. Kikundini tuna VAN tatu: −7,122, 1,990 na 2,944. Sahihi ni ipi, na hizo nyingine zimepotelea wapi? Pia nusu ya pesa ni mkopo wa benki. Riba tuitoe?

Mhasibu Kampemba
Ni 2,944. Uchakavu wa mwaka: 12,000 ÷ 4 = 3,000. Faida kabla ya kodi: 15,000 − 9,000 − 3,000 = 3,000. Kodi 900, inabaki 2,100. Wengi wanaishia hapo, na ndipo hesabu inapoharibika. Ile 3,000 ya uchakavu haijatoka kwenye kasha. Ni andiko la daftari, debiti akaunti 681 (gharama ya uchakavu), krediti 284 (uchakavu wa mashine uliolimbikizwa). Kazi yake hapa ni kupunguza kodi tu. Ukishakata kodi, irudishe: CAF (pesa taslimu inayobaki kwa mwaka) = 2,100 + 3,000 = 5,100.

Mwaka 0 zinatoka 12,000 + 1,500 = 13,500. Vizidishi vya 12% (1 ÷ 1.12, kisha kila mwaka unagawa tena kwa 1.12) ni 0.89286, 0.79719, 0.71178 na 0.63552, jumla 3.03735.

5,100 × 3.03735 = 15,490.49
BFR inayorudi mwaka wa 4: 1,500 × 0.63552 = 953.28
VAN = 15,490.49 + 953.28 − 13,500 = 2,943.77

Aliyepata 1,990 hakurudisha BFR. BFR ni simenti iliyo stoo pamoja na madeni ya wateja, ukitoa unachodaiwa na wauzaji. Mradi ukifungwa, simenti inauzwa na wateja wanalipa, kwa hiyo pesa inarudi. Mwenye −7,122 naye hakuirudisha, tena alitumia 2,100 badala ya 5,100. Angalieni: kutoka −7,122 hadi 1,990 ni 9,112, yaani 3,000 × 3.03735. Majibu yakipishana, toeni moja kwa jingine kabla ya kubishana. Mara nyingi tofauti yenyewe inataja kilichosahauliwa.

Hesabu za Goma
Ndugu, riba usiitoe kabisa. Ile 12% ni gharama ya pesa zote za mradi, za benki na za wenye kampuni. Ukikata riba kwenye mtiririko halafu ukapunguza kwa 12%, umemlipa benki mara mbili. Faida ya kodi inayoletwa na riba nayo inaingia kwenye kile kiwango, kwa kuzidisha gharama ya mkopo kwa (1 − 0.30).

TVA pia inawanasa wengi. Fakitira itaonyesha 13,920, maana 16% ya 12,000 ni 1,920. Kampuni yenye haki ya kurudishiwa TVA inaandika debiti 241 (mashine) kwa 12,000, debiti 4451 (TVA ya kurudishiwa) kwa 1,920, krediti 481 (deni kwa muuzaji wa mashine) kwa 13,920. Uchakavu unahesabiwa kwenye 12,000. Isiyo na haki hiyo, gharama ya mashine ni 13,920 yote, na uchakavu unakuwa 3,480.

Halafu sarafu. Mtiririko ukiwa wa dola, kiwango kiwe cha dola. Kuchukua kiwango cha mkopo wa franka na kukitia kwenye dola kunaua miradi mizuri bure.

Mwanafunzi wa Katuba
Aksanti sana. Na TRI (kiwango kinachofanya VAN iwe sifuri)? Mimi nimepata 22.9%, karatasi ya majibu inasema 21.6%.

Mhasibu Kampemba
Bila shaka ulichukua 12% na 30%. Kwa 30% VAN ni −1,927, na 12 + 18 × 2,944 ÷ 4,871 inatoa hiyo 22.9 (18 ni 30 − 12, 4,871 ni 2,944 + 1,927). VAN haishuki kwa mstari ulionyooka, inapinda, kwa hiyo viwango viwili vikiwa mbali jibu linapanda juu kuliko ukweli. Sogeza karibu: 21% inatoa +156, 22% inatoa −105. TRI = 21 + 156 ÷ 261 = 21.6%. Kwenye mtihani, usifanye interpolesheni (kukadiria jibu kati ya viwango viwili) kabla viwango vyako havijakaribiana kwa pointi moja, mbili ikizidi sana.