Kufumua na kujenga upya kichwa cha treni cha dizeli cha LEGO (SD40-2), nianzie wapi?

reli_ndefu
Wakuu habari zenu. Nina kichwa cha treni cha dizeli, SD40-2, nilikijenga mwenyewe kwa matofali ya LEGO miaka kadhaa nyuma, upana nundu 6 na urefu nundu 40 (nundu ni vile vidoti vya juu ya tofali). Kilikaa muda mrefu juu ya kabati karibu na dirisha, juzi nimekishusha kukipangusa vumbi nikakuta tumbo limeshuka, ukikiweka mezani ukakitazama kwa ubavu unaona kabisa katikati pamelegea, afu vile vipande vya kijivu vya juu vimeingia umanjano upande mmoja tu, ule uliokuwa unaelekea dirishani. Kwenye reli iliyonyooka kinakwenda vizuri, kikiingia kona bogi ya nyuma (ile fremu ndogo ya magurudumu) inatoka, kila raundi na ni palepale.

Natamani nikifumue chote nikijenge upya kwa upana wa nundu 8 maana hii mashine naipenda sana jamani, zile varanda zake ndefu (sehemu za wazi kwenye ncha) mbele na nyuma kwenye 6 nilishindwa kuzitoa vizuri. Je inafaa au nirekebishe hikihiki? Na magurudumu matatu kwa kila bogi mnafanyaje mpaka yapite kona?

FundiBogi
Mkuu fumua tu. Ila usianze na boneti (mwili unaofunika injini) wala kebini, wengi tunakimbilia huko kwa sababu ndo kunapendeza, matokeo yake unakuwa na mwili mzuri juu ya chesi (fremu ya chini) mbovu. Anza chini.

Kwanza vipimo. SD40-2 halisi ina urefu wa karibu mita 21 na upana kama mita 3.1. Nundu moja ni milimita 8, kwa hiyo upana wa nundu 8 ni milimita 64, hapo uko kwenye skeli ya 1:48 hivi, na urefu unakuja nundu 54 au 55. Hiyo 6 yako ilikuwa kwenye 1:65, ndo maana nundu 40 zilikutosha lakini varanda hazikupata nafasi. Na usizibane varanda hata kidogo, ndo sura yenyewe ya hii mashine: EMD, watengenezaji wake, walitumia fremu yenye urefu uleule wa mashine yao nyingine, SD45-2, iliyobeba injini ya silinda 20, hii ikapewa ya silinda 16, boneti ikawa fupi na nafasi ikabaki wazi kwenye ncha.

Tumbo kushuka ni mishono. Nina uhakika ukigeuza utakuta pleti (vile vipande vyembamba) za chini na za juu yake zimeishia sehemu moja. Panga kama ukuta wa tofali, mshono wa chini ufunikwe na katikati ya kipande cha juu, na ndani pitisha boriti mbili za Technic (zile za LEGO zenye matundu) sambamba kutoka bogi hadi bogi. Kwa nundu 54 pleti peke yake haitoshi, ukiweka betri juu itapinda tena.

Sasa ekseli tatu. Kona ya kawaida ya LEGO ina nusu kipenyo cha nundu 40. Bogi yenye nundu 10 kutoka ekseli ya kwanza hadi ya tatu, ikiingia kwenye kona hiyo, ekseli ya kati inatakiwa isogee pembeni kama milimita 2.5. Ukiifunga isisogee lazima kitu kitoke, na hicho ndo kinakutokea. Iache ekseli ya kati icheze, nusu nundu kila upande inatosha sana. Kama unatumia mota ya treni ya LEGO ile ina ekseli mbili tu, hiyo ya tatu unaining'iniza pembeni yake, iguse reli bila kubeba uzito.

kona_kali
Mimi naomba nitofautiane kidogo na FundiBogi, chesi nakubali lakini 8 kwa reli za kawaida fikiria kwanza. Nimepiga hesabu: mwili wa nundu 54 wenye egemeo za bogi (pale bogi inapozungukia) zilizoachana nundu 30, kwenye kona ile ncha zinatoka nje ya mstari wa katikati ya reli karibu nundu 6, na katikati unaingia ndani karibu 3. Ule wa 40 wenye egemeo za nundu 22 ncha zinatoka 3 na kidogo tu. Tofauti hiyo unaiona kwa macho, na kama una nguzo au jukwaa karibu na reli itagonga. Ukiamua 8 basi sumaku ya kuungia mabehewa ifunge kwenye bogi, usiifunge kwenye mwili, la sivyo behewa la kwanza litavutwa nje ya reli. Au tafuta kona pana.

pleti_tano
Kuhusu umanjano, huo ni mwanga wa jua kwenye plastiki, kuosha hakuutoi. Wapo wanaoloweka kwenye haidrojeni peroksaidi na vinarudi rangi yake, ila baada ya muda umanjano huweza kurudi. Mimi vilivyobadilika naviweka ndani ya chesi pasipoonekana, nje natumia vipya. Vumbi osha kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40, mota na betri zisiguse maji. Na angalia kijivu kabla hujachanganya, cha zamani na cha sasa chenye ubluu kidogo haviendani ukiviweka pamoja.

Kwa boneti, geuza matofali yalale kwa ubavu ili nundu zitazame pembeni, utapata kuta laini. Kumbuka pleti 5 zikipandana ni milimita 16, sawasawa na nundu 2, hapo kila kitu kinakaa bila pengo. Juu nyuma usisahau feni tatu za rejeta, ukiweka mbili itakuwa GP38-2, mashine nyingine ya EMD.

reli_ndefu
Asanteni sana wakuu. Nimekigeuza sasa hivi, FundiBogi umesema kweli, pleti zote tatu zimeishia nundu ya 20, mshono mmoja juu mpaka chini. Nikakiweka kwenye kona nikapitisha kipande cha karatasi chini ya magurudumu ya bogi ya nyuma, kwenye gurudumu la mbele la nje karatasi inapita bila kushikwa, limenyanyuka kabisa, na ekseli ya kati nilikuwa nimeibana pande zote mbili.

Naenda na 8, sumaku kwenye bogi. Nitajenga chesi na bogi tupu kwanza, nipakie betri juu, nikiendeshe kwenye kona bila mwili. kona_kali, hizo egemeo nikizisogeza zikawa nundu 34 ncha zitapungua kiasi gani?

kona_kali
Ncha zinashuka hadi 5.2 hivi, katikati panaingia 3.8. Angalia tu tangi la mafuta lisigongane na bogi ikijipinda.