Mwani wa kijani unaitwaje mwani mwekundu?

Mgeni wa Bamvua aliuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Bamvua lililopita shangazi yangu, ambaye analima mwani Jambiani, Zanzibar, alinipa mbegu za kuanzia shamba langu katika mafungu mawili: moja la kijani kama jani changa la mgomba, jingine la kahawia inayokaribia zambarau. Alisema yote ni spinosamu. Mnunuzi naye akasema kwamba spinosamu na kotoni, zile aina mbili za mwani tunazolima, zote ni mwani mwekundu, nami hilo fungu la kijani nimeligeuza juani na kivulini bila kuona wekundu wowote. Je, jina hili limetoka wapi, na nitaitambuaje kotoni ikiwa rangi haisaidii?

Msomi wa Miamba alijibu:

Wa alaykum salaam, dada. Mnunuzi hakukosea. Mwani mwekundu ni kundi lenye spishi zaidi ya 7,000, na kinachoziunganisha ni ujenzi wa chembe zao pamoja na rangi ya asili iitwayo fikoeritrini, ambayo huufunika ukijani wa klorofili uliopo chini yake. Aina yako ya kijani inayo fikoeritrini kidogo tu, kwa hiyo klorofili inajitokeza. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, chukua kitawi cha lile fungu la kahawia ukitie katika maji yanayochemka, kwa kuwa fikoeritrini haistahimili moto.

Rangi hiyo si pambo, maana hunasa mwanga wa buluu na kijani, ambao ndio unaopenya mbali zaidi baharini. Mwaka 1985 watafiti waliandika kuhusu mwani mwekundu wenye chokaa ulioota juu ya mwamba katika kina cha mita 268 huko Bahamas, mahali ambapo mwanga unaofika ni hafifu mno. Jamaa zake wapo hata kwetu: ule ukoko wa waridi unaougandia mwamba wa matumbawe, ambao wengi hudhani ni jiwe, nao ni mwani mwekundu.

Mama Kamba alijibu:

Mwanangu, mimi nitajibu la kotoni, maana rangi iliwahi kunitia hasara. Nilianika aina zote mbili kwenye jamvi moja kwa kuwa zote zilikuwa za kahawia, na mnunuzi akalirudisha gunia zima. Hakunionea. Kiwandani spinosamu hutoa karagenani (ile dawa ya kugandishia vyakula itokayo kwenye mwani) laini inayonepa, ilhali ya kotoni huganda ngumu na kukatika, kwa hiyo anayetaka moja hawezi kupokea mchanganyiko.

Tumia vidole. Pitisha tawi bichi kati ya kidole gumba na cha shahada: spinosamu ina vimiba vilivyojipanga kwa pete, pete baada ya pete, hadi nchani, nayo kotoni ni nene, ina nyama, na ni laini isipokuwa vinundu vya hapa na pale.

Mbegu za aina zote mbili tulizoanza nazo kibiashara mwaka 1989 zilitoka Ufilipino, baada ya Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutangulia kuufanyia mwani utafiti. Bei ya kotoni huwa juu, lakini haivumilii maji ya moto ya kaskazi. Matawi hugeuka meupe, hulegea na kukatika penye taitai, yaani vikamba vya kufungia mbegu, na asubuhi unakuta kamba tupu. Ukiipata, ipeleke kwenye maji ya kina, usiifunge kwenye mchanga unaokauka maji yakipwa.

Mgeni wa Bamvua alirejea:

Nawashukuru nyote. Kitawi cha kahawia kiligeuka kijani ndani ya sufuria kabla sijarudisha mfuniko, na nilipokiweka karibu na kile cha kijani sikuweza kuvitenganisha. Kisha nikapitisha vidole kwenye mafungu yote mawili, tawi kwa tawi, na vimiba vipo kote kama alivyosema shangazi, isipokuwa vipande vitatu vinene ndani ya lile la kijani ambavyo ni laini kabisa. Nimevifunga kwenye kamba ya peke yake, na nitamwomba mwenye ngalawa anipeleke nje kidogo, maana mimi kuogelea sijui.