Acheni kuwaharibia wageni Chrono Trigger kwa miongozo yenu

Wakuu, hili sasa limezidi. Kila mtu akiuliza humu kuhusu gemu hili la kusafiri kwenye nyakati, "nataka kuanza Chrono Trigger, nianzeje?" anamwagiwa majibu yaleyale: fungua mwongozo pembeni, ongeza spidi ya emuleta (programu ya kuchezea magemu ya zamani), kaa msituni upigane na maadui upandishe leveli kwanza. Baadaye huyohuyo anarudi kutuambia gemu ni la kawaida tu, linasifiwa na wazee wa enzi za mashine ya Super Nintendo. Ataliona zuri saa ngapi wakati mmeshalichinja?

Mnapenda kutaja majina: Hironobu Sakaguchi wa Final Fantasy, Yuji Horii wa Dragon Quest, Akira Toriyama aliyechora wahusika. Sawa, ni watu wazito. Lakini gemu la 1995 halichezwi mpaka leo kwa sababu ya majina. Linachezwa kwa sababu linakuangalia unachofanya bila kukwambia, na halikupotezei muda. Ushauri wenu unaua vyote viwili.

Chukueni maonyesho ya Leene Square, mwanzoni kabisa. Unagongana na msichana, Marle, anaanguka, kidani chake kinarukia kule. Unakimbilia kidani au unamjulia hali kwanza? Kuna chakula cha mtu mezani, ukibonyeza umekila. Kuna mtoto kapotelewa na paka. Hakuna maandishi yoyote yanayosema mambo haya yana uzito. Baadaye sana unajikuta kizimbani, na hayohayo yanaletwa mbele ya baraza la watu saba, kila mmoja anatoa kura yake. Sasa nyie mnampa mgeni orodha: usile, rudisha paka, msubiri Marle achague peremende. Anashinda kesi ambayo hakujua kama anaitengeneza. Mmemwibia tukio zima ili apate chupa chache za Ether, dawa ya kurudisha nguvu za uchawi! Na gerezani anapelekwa vilevile.

Tuje kwenye leveli. Maadui wengi unawaona kabla hawajakuvaa, na wengine unawakwepa. Wahusika ambao hawako kwenye kikosi cha watatu wanapata robo tatu ya pointi za uzoefu, kwa hiyo hawaachwi nyuma. Wasichopata ni Tech Points, pointi za kufungua mbinu. Basi mwambieni mgeni abadilishe kikosi mara kwa mara ili mbinu zifunguke, hasa za watu wawili na watatu. Kuzunguka msituni hakuna kazi.

Anayekwama kwa bosi mara nyingi hajapungukiwa leveli, hajamsoma. Bosi Heckran upanga unamkwaruza tu, anataka uchawi, na akikukaribisha umshambulie, tulia, maana ukimgusa hapo unarudishiwa wimbi la maji. Dragon Tank, vunja kichwa kwanza, kwa sababu ndicho kinachomtengeneza. Nizbel, mpige umeme ngozi ilegee ndipo umshushie vipigo vya kawaida, ila umeme ule anauhifadhi na atawatapikia wote, kwa hiyo asikosekane mtu wa kuponya. Mtu wa leveli kumi zaidi asiyejua hili atashinda kwa kubamiza vitufe, halafu atasema mapigano yanachosha.

Spidi ya emuleta ndiyo balaa kabisa. Mapigano ya gemu hili yanafanyika palepale ulipo, na maadui wanatembea. Cyclone, mbinu ya upanga ya Crono, mhusika mkuu, inakata walio karibu na mlengwa, kwa hiyo unasubiri wasogeleane ndipo unaiachia. Ukikimbiza picha hiyo huioni tena, unabaki kubonyeza Attack. Kama mgeni anaona mambo yanaenda mbio, aingie kwenye mipangilio aweke Battle Mode kwenye Wait: akifungua orodha ya mbinu au vitu, saa inasimama.

Mfano wa mwisho, na hapa ninafichua, asiyetaka aruke. Mji wa Porre, mwaka 1000, pale Snail Stop wanauza Jerky (nyama kavu) kwa G 9,900, pesa ya gemu. Ukirudi mwaka 600 kuna mama anaitaka na anakupa 10,000. Faida ya mia moja, nani anakataa? Ukimpa bure, uzao wake unalelewa kwa moyo wa kutoa, na yule meya bahili wa mwaka 1000 anageuka mtu mwingine. Mwongozo unasema "mpe bure" kwa mstari mmoja. Kishawishi chote kimepotea. (Ya Lucca, mmoja wa wahusika wa kikosi, na mama yake siisemi. Jibu liko kwenye karatasi ndani ya nyumba hiyohiyo, asome mwenyewe.)

Kwa vitu vya kuokota, kidokezo kimoja ndicho halali kutoa: masanduku yaliyofungwa ambayo yapo mwaka 600 na 1000. Liguse la 600 kile kidani cha Marle kiwake, ukatae kuchukua, nenda 1000 uchukue kilichoboreka, kisha rudi ubebe cha 600. Mavazi ya kujikinga, Red Vest na Red Mail, yote yako.

Toleo? La PlayStation lina kusubirisha hata kufungua menyu. La Nintendo DS ni zuri, ila sehemu yake ya ziada, Lost Sanctum, ni kutumwatumwa mlimani, apite. La PC lilitoka bovu 2018, likarekebishwa mwaka huohuo. Achague picha za asili kwenye mipangilio.

Miongozo yenu iwekeni kwa ajili ya New Game+ (kuanza upya na nguvu ulizokwisha kupata), pale mtu anapoingia mtambo wa kulia Leene Square kumfuata bosi wa mwisho, Lavos, moja kwa moja na kuwinda miisho iliyobaki. Na Mods (wasimamizi), ule uzi wa "vitu usivyotakiwa kuvikosa" ushusheni pale juu leo.