Mafundi tairi Mbeya na Iringa, balansi si kubandika risasi (vipande vya uzito kwenye rimu) na kupokea hela

Wakuu, hili limezidi. Mtu anapeleka gari kwa fundi tairi Mwanjelwa au Soweto hapa Mbeya, anaeleza kwamba stelingi inatetemeka gari likifika 80, anajibiwa "hiyo alaimenti". Analipa, anatoka. Mjini hasikii kitu, maana kwenye foleni ya Kabwe hadi Uyole nani anafika 80? Akishavuka Igurusi na kukanyaga mafuta kuelekea Chimala, mtetemo uko palepale.

Alaimenti ni pembe za matairi. Ikiharibika, gari linavuta upande mmoja na tairi linalika ukingo mmoja. Mtetemo unaoanza kwenye 80 na kukolea kwenye 100 mara nyingi ni balansi: uzito haujakaa sawa kuzunguka tairi. Ukiusikia kwenye stelingi, anza na matairi ya mbele; ukiusikia kwenye siti na sakafu, nenda nyuma. Kwa hiyo anayebalansi mawili ya mbele na kutoza manne anaiba.

Na msituambie "gramu 40 si kitu". Gramu 40 zilizozidi kwenye ukingo wa rimu ya inchi 15, gari likiwa 100, zinalivuta tairi kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 6, na tairi la gari dogo hapo linazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Kwenye 50 nguvu hiyo ni robo tu. Kipigo hicho kinakwenda kwenye beringi, shokapu, boljointi na tairodi. Tairi lenyewe linalika mabaka mabaka. Pitisha kiganja kuzunguka uso wake, utayasikia mabonde.

Kinachoudhi zaidi ni uvivu wa mwanzo wa kazi. Rimu ioshwe NDANI. Tope la Tukuyu na Kiwira likikaukia humo ni uzito kamili, na ukibalansi likiwemo, siku likidondoka kazi yote imeharibika. Kokoto zitolewe kwenye meno ya tairi. Risasi kuukuu zibanduliwe zote; kubandika mpya juu ya za zamani ni kuficha kosa. Halafu koni, ile inayoshika rimu katikati kwenye mashine ya balansi, iwe inayolingana na tundu la rimu, na mashine ipewe vipimo vya rimu hiyo: umbali wake kutoka kwenye mashine, upana, na kipenyo kwa inchi. Wengi wanaacha vipimo vya gari lililotangulia, kisha wanashangaa gramu hazitulii.

Kuna jaribio la dakika mbili ambalo karibu kila mtu analikwepa. Mashine ikishasoma 0 pande zote mbili, ya ndani na ya nje, legeza, geuza tairi nusu mzunguko, kaza, zungusha tena. Ikisoma zaidi ya gramu 10, koni haikukaa sawa au imelika. Namba ikibadilika kila ukizungusha bila kugusa kitu, huenda kuna maji ndani ya tairi: mtungi wa kompresa haujamwagwa maji. Rimu iliyopinda kwa shimo nayo inaweza kusoma 0 na bado gari likatetemeka. Shika bisibisi karibu na ukingo wake, zungusha rimu taratibu, uone kama ukingo unapanda na kushuka.

Risasi za gundi za rimu za spoti ndizo zinatia uchungu. Asubuhi ya Juni au Julai, Mbeya au Mafinga, rimu ni baridi na ina umande, fundi anabandika hivyo hivyo. Zitashikaje? Futa kwa spiriti, kausha, pasha kidogo, ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu.

Wenye magari, simameni pale kwenye mashine. Hakuna kulipa mpaka tairi lizungushwe mara ya pili baada ya risasi kukaa na namba zote mbili zisome 0 mbele ya macho yenu. Na kila tairi likivuliwa kwenye rimu kuzibwa pancha, libalansiwe upya.

Anayejua wanaofanya haya yote bila kuombwa, iwe Mbeya, Makambako au Iringa, aweke hapa na bei ya tairi moja.